Majibu ya Mwalimu

Dawa ilipotanda weupe ndani ya bika la kioo la Monicah, alama ya X iliyochorwa chini yake kwa kalamu nyeusi ilipotea machoni baada ya sekunde ishirini na mbili; kwa jirani yake, baada ya ishirini. Wasichana thelathini na mmoja walifanya jaribio hilo la mtihani wa taifa chini ya paa la bati la maabara ya shule ya Gongoni, jua likichoma, na katika kipimo cha kwanza hakuna aliyefika sekunde ishirini na tano. Kahonzi, mtunza maabara, aliwaona kwa macho yake.

Walipotoka, akaiona karatasi ya Mwalimu Joram. Sharti la mtihani ni kwamba mwalimu naye afanye jaribio kwa dawa zile zile, katika joto lile lile, ili wasahihishaji wayapime majibu ya watoto kwa majibu yake. Kwenye kipimo cha kwanza kati ya vitano vya dawa, Joram alikuwa ameandika thelathini na nne. Kahonzi aliijua namba hiyo: ya mwaka jana, wiki ya mvua kubwa na baridi.

Damu ikamchemka. Miaka tisa alikuwa ameosha vyombo na kufyata mdomo, akijiambia kuwa ualimu una wenyewe.

"Mwalimu, hukufanya jaribio."

"Dada Kahonzi, nafundisha haya tangu kabla hujaajiriwa. Dawa ikipungua nusu, muda unazidi maradufu. Kuna siri gani?"

"Na joto je? Joto likipanda, weupe wa salfa unatanda upesi! Watoto wameandika walichokiona, nawe unawafanya waongo wote!"

"Bahasha ya majibu inafungwa saa sita. Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Akachora X, akaweka bika juu yake, akamimina dawa ya thiosulfati. Alimchukia mtu yule kwa uvivu wake, akajichukia mwenyewe kwa miaka ile tisa.

"Nitamwandikia mkuu wa shule," Joram akasema. "Kazi hii utaisikia kwa jirani."

"Mwandikie. Kwanza shika saa."

Akatia asidi. Joram akasita, kisha akabonyeza saa. Weupe ukatanda ndani ya bika, X ikafifia, ikatoweka. Mwalimu akatazama saa, akaitazama tena. Polepole akaikata thelathini na nne kwa mstari mmoja, akaandika ishirini na moja, akaanza kufunika kalamu.

"Usifunike," Kahonzi akasema, akisuuza bika. "Vimebaki vipimo vinne."