Kibao cha Mzee Kailemia

Picha yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango, na niliipindua juu chini mimi, Kiende wa Murungi, kidato cha tatu, nikiwa na akili timamu na bila kushawishiwa na mtu. Katika bweni letu mtu hujijengea heshima kwa matendo ya aina hiyo. Nilitaka tu kujua kama katika ukumbi mzima, pale mjini Embu, kungekuwa na mtu mzima hata mmoja wa kugundua.

Picha za marehemu babu yangu, Mzee Kailemia wa Githongo, hazina mtu, hazina mti, hazina hata ng'ombe. Ni rangi na mistari tu: wekundu wa udongo, weusi wa masizi, na umanjano fulani usiojulikana ulitoka wapi. Wataalamu huziita sanaa dhahania. Siku hiyo kibao cha shaba kilikuwa kimeshafungwa ukutani kwa skrubu, kikimtaja babu kuwa mtu wa kwanza kuchora hivyo katika milima yetu. Kilibaki kufunuliwa tu, kisha picha ikae chini ya jina hilo milele.

Mgeni rasmi, Daktari Nthiga, mhadhiri wa sanaa, alisimama mbele ya picha akafumba macho kwa uchaji.

"Tazameni michirizi hii," alisema. "Rangi inapanda! Mzee Kailemia alikataa kutawaliwa na ardhi."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, huku nikiuma sweta ya shule nisipasuke kwa kicheko.

Ndipo nyanya yangu Ciakuthii, mjane wa mzee, aliposimama kutoka safu ya mbele na kofia yake ya kanisani.

"Nani amegeuza kazi yangu?"

Daktari alimtabasamia. "Kazi ya mzee, mama."

"Yangu. Mzee hakujua kushika brashi. Mlango wa choo ulimshinda kupaka rangi."

Baba yangu, ambaye ndiye aliyeandaa sherehe nzima, alimkimbilia.

"Mama, tafadhali. Umechoka. Kaa uletewe chai."

"Chai nitakunywa. Kwanza tumalize hii."

"Lakini jina la mzee liko hapa kwenye picha," alisema Daktari, akiinamisha shingo kulisoma, maana lilikuwa miguu juu.

"Niliandika mimi. Ningeandika la nani? Kahawa nilichuma mimi, nikaibeba mimi mpaka kiwandani, ikapimwa kwa jina la Kailemia. Mimi sikuwa na namba ya mwanachama pale. Kila kitu cha boma kilitoka kwa jina lake. Nikimaliza picha, naandika Kailemia, kama kwenye gunia. Watu wakaanza kuja kumpongeza, naye akapenda. Mimi nikawapikia."

"Ngai!" mwanamke mmoja alisema nyuma yangu.

Niliitoa sweta mdomoni. Nilitazama huku na huku, na kila mdomo ulikuwa wazi isipokuwa mmoja. Baba alikuwa akitazama viatu vyake. Baba hakuwa ameshtuka. Hilo ndilo lililonitoa jasho.

"Murungi," nyanya alimwambia, "wakishafunua kile kibao basi. Sema sasa, au unyamaze mpaka nife."

Baba aligeuka akanitazama.

"Baba," nilisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nikimsagia udongo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Jikoni. Mzee aliniambia nikimwambia mtu atanichapa. Halafu akafa, na picha zilikuwa zimeshajulikana, na mimi nikaona... sijui. Nikaona tumechelewa."

Daktari Nthiga aliketi ghafla kwenye kiti cha mtu mwingine. "Basi huyu mama alitangulia wanaume wote ambao nimeandika habari zao," alisema polepole. Kisha, kwa kuwa sherehe ni sherehe, akapata wazo. "Tunaweza kuongeza chini, 'akisaidiwa na mkewe'."

"Nani alimsaidia nani?"

Nyanya alivuta pazia dogo lililofunika kibao, akasoma maneno yote bila haraka, akageuka.

"Nani ana bisibisi?"

Hakuna aliyemzuia. Mlinzi wa ukumbi alileta bisibisi, baba akainyakua mikononi mwake na kufungua skrubu mwenyewe. Nyanya alipokea kibao akakisukuma ndani ya mkoba, nusu kikabaki nje.

"Kaburi la mzee halina jiwe," alisema. "Jina ni lake, nitampelekea. Hayo mengine nitayakwaruza."

"Na hapa ukutani, mama?" aliuliza Daktari. Alikuwa ameshika kalamu. "Tuandike nini?"

"Ciakuthii."

"Ciakuthii peke yake?"

"Kwani mlikuwa mmeandika Kailemia na nani?"