Maji ya Mbwa wa Madamu

Muhamadi alikuwa ameinama juu ya pipa, anakoroga mashuka ya madamu kwa mti mrefu, na mvuke ulimpanda usoni hadi ndevu zikalowa. Moto ulikuwa unawaka chini ya lile pipa tangu alfajiri. Mashuka ya Wazungu hayafuliwi kwa maji baridi. Lazima yachemke kwanza, yasuuzwe, yaanikwe kwenye kamba upande wa ziwa, kisha yapigwe pasi ya makaa mpaka yang'ae. Kazi hiyo ya udobi alikuwa akiifanya tangu mke wake yu hai, na viganja vyake vilikuwa vimepauka na kukunjamana kama vya mzee wa miaka mia.

Leo mkono ulikoroga lakini moyo haukuwepo. Moyo ulibaki nyumbani, mtaa wa Waswahili, kwenye mkeka alipolala binti yake Nyirasafari. Mtoto alianza kuhara jana asubuhi. Usiku kucha hakuna aliyefumba macho, na kulipokucha mashavu yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Muhamadi aliijua ngozi hiyo. Alikwisha kuiona kwa mama wa mtoto huyo.

Kisa chenyewe kilikuwa cha kipuuzi. Serikali ilitoa amri kila nyumba ichimbe choo kipya, kirefu kupita kimo cha mtu. Nani aliwaambia hao wakubwa kwamba mtaa ule una udongo? Chini ni mwamba mweusi mtupu, moto uliotoka mlimani zamani ukaganda. Watu walivunja majembe, wakavunja na mipini, mashimo yakafika magotini. Basi ili wapate akili, Kayitare, mkaguzi wa usafi, aliifunga bomba ya mtaa kwa kufuli, akatembea na ufunguo shingoni kama msalaba wa padri. Watu walimwita Bwana Choo, lakini akishapita tu. Bomba ikakauka, watu wakarudi kuchota ziwani pale pale wanapooga ng'ombe. Na matumbo yakaanza kuendesha, nyumba kwa nyumba.

"We dobi, unapika mashuka ama unayaombea?" Damascène, mpishi wa madamu, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kitambaa begani, tumbo mbele.

"Niache, Damascène. Mutoto wangu iko mugonjwa."

"Nini?"

"Tumbo."

Damascène akaacha kucheka. Akarudi jikoni, Muhamadi akamfuata mpaka kizingitini. Juu ya jiko la kuni birika kubwa lilikuwa linatokota. Mpishi alilitua, akalifunika kwa sahani, akachukua jingine lililokwisha kupoa na kumimina kwenye bakuli la bluu lililokuwa sakafuni.

"Haya ya nani?" Muhamadi akauliza.

"Ya Bobi."

Bobi alikuwa mbwa. Alikuja akachungulia bakuli, akanusa, akaondoka bila kunywa.

"Mbwa anakunywa maji ya kuchemusha?"

"Madamu amesema. Maji ya robine, ile bomba yao wenyewe, haiaminiki, donc hata Bobi anachemushiwa." Damascène alishusha sauti. "Na mutoto wa madamu, ule mudogo, alihara mwezi ule uliopita. Ulimwona kufa? Hapana. Daktari alikuja hapa hapa, akaniambia mi mwenyewe: chemusha maji, tia chumvi kidogo sana, hata machozi iwe na chumvi kushinda hayo maji, tia sukari, mupe kijiko kijiko, usiache. Akitapika, ngoja kidogo, mupe tena. Siku ya pili alikuwa anarukaruka kwa kitanda."

Muhamadi alishika fremu ya mlango.

"Daktari gani?"

"Yule yule wa serikali. Iko mwingine?"

Yule yule. Mwaka ule mke wake alipokuwa amelala mkekani, anaomba maji kwa macho kwa sababu ulimi ulikuwa umekauka, daktari huyo alipita mtaani na makarani wake. Alifika mpaka mlangoni. Alikagua choo, akaagiza faini iandikwe, akaenda zake. Juu ya maji hakusema neno. Kumbe neno alikuwa nalo. Alikuwa nalo mfukoni, akalihifadhi kwa ajili ya watoto wa Wazungu wa nyumba za ziwani, na mbwa wao.

"Nipe hayo maji," Muhamadi akasema.

"Ya Bobi?"

"Bobi amekataa."

Damascène alimtazama, akatazama mlango wa sebuleni. Kisha akamimina maji yote yaliyobaki kwenye birika lililopoa ndani ya debe safi, akafungia chumvi na sukari ya madamu kwenye jani la mgomba. "Bon. Pita nyuma. Na mashuka?"

"Yachemke yenyewe."

Aliweka debe kichwani, akalifunika kwa shuka bichi ili lisiingie vumbi, akashika njia. Jua lilikuwa limekwisha kuchoma. Penye njia panda ya soko, ufunguo ulimeremeta: Kayitare, kofia kichwani, fimbo kwapani.

"We Muhamadi! Debe iko na nini?"

"Mashuka ya madamu."

"Ya madamu, na unayapeleka mutaani?"

"Madamu amehara usiku," Muhamadi alisema kwa sauti iliyowafikia wauza ndizi. "Ameniambia nikayafulie mbali, watu wasione. Unataka kukagua? Si ndiyo kazi yako?" Akalishusha debe kichwani, akalisogeza chini ya pua ya Kayitare na kushika ncha ya shuka.

Kayitare aliruka nyuma, kitambaa puani. "Pita! Pita, mutu muchafu we!"

Wauza ndizi walicheka mpaka wakashikana mabega. Muhamadi hakucheka. Alikuwa anakimbia, maji yakigonga ukuta wa debe.

Nyumbani, Mukandutiye, dada ya marehemu mke wake, alikuwa amekaa mlangoni, mtungi wa maji ameuficha nyuma ya mgongo. Tangu jana alikuwa akiulinda. Mtoto alilala akitazama dari, midomo imepasuka.

"Usimupe maji, shemeji," Mukandutiye alisema alipoona debe. "Unamwaga maji kwa ndoo yenye tundu? Tumbo ikiendesha unaifunga. Nimemupa ndizi ya kuchoma, amekataa."

"Haya yamechemshwa."

"Wapi?"

Muhamadi hakuwa mwongo ndani ya nyumba yake. "Kwa madamu. Yalikuwa ya mbwa."

"Ayi wee! Maji ya mbwa! Sisi Waislamu! Unataka kumuua mutoto, na umuue na najisi?"

"Mbwa hakuyagusa. Aliyakataa, anakunywa kila siku amechoka nayo." Muhamadi alipiga magoti kwenye mkeka. "Mama yake tulilifunga tumbo hivi hivi, wewe na mimi. Likakauka kweli. Na yeye akakauka. Sogea."

Mukandutiye aliuvuta mtungi wake pembeni. Alisogea.

Muhamadi alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, akatia chumvi, akaonja, akaongeza maji, akatia sukari. Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni. Cha pili kiliingia. Nyirasafari alimeza, akageuza macho, akashika mkono wa baba yake kwa vidole vyembamba akiuvuta kwenye kikombe.

"Polepole, mama. Kijiko kijiko."

Hakikupita kitambo, akatapika yote.

"Unaona?" Mukandutiye akaanza kulia. "Unaona sasa?"

Muhamadi aliweka kijiko chini. Labda Damascène ni mpiga porojo. Labda watoto wa Wazungu wana matumbo mengine. Alifuta mkeka, akanawa tena, akangoja kidogo kama alivyoambiwa, kungoja kulikomkata maini. Kisha akachota kijiko.

Majirani walikuja, wakasimama uani. Mmoja aliuliza kama sanda imetafutwa. Muhamadi hakugeuka. Kijiko, ngoja. Kijiko, ngoja. Mtoto alihara tena, akampa tena. Kivuli cha paa kilivuka ua, kikapanda ukuta wa pili. Mukandutiye aliacha kulia, akakaa upande wa kichwa, na mkono wa shemeji yake ulipochoka alikichukua kijiko bila kuombwa.

Jua likiwa limeelekea Kongo, ng'ambo ya ziwa, Nyirasafari alijinyanyua kwa kiwiko.

"Baba."

"Niko."

"Nataka kukojoa."

Majirani uani wakasogea mlangoni. Tangu jana jioni mtoto hakuwa ametoa hata tone. Mukandutiye alimbeba mbio hadi nyuma ya nyumba, kwenye lile shimo la magotini ambalo serikali ilisema si choo. Wakasikia: mlio mwembamba, kisha mkubwa, mkojo ukigonga mwamba mweusi. Uligonga muda mrefu. Hakuna ngoma iliyopata kuwa tamu hivyo masikioni mwa Muhamadi.

Mukandutiye akapiga kigelegele. Wanawake wakakipokea, kikavuka ua, kikavuka njia. Mtu wa mbali akauliza nani ameolewa.

"Hakuna arusi!" mmoja alijibu. "Binti ya dobi amekojoa!"

Muhamadi alikaa chini, akalia kama mtoto, kisha akacheka, kisha akakasirika. Hasira ndiyo iliyomwinua. Alimimina maji yaliyobaki kwenye mtungi safi, akaufunika, akachukua debe tupu na mwiko, akatoka. Serikali ikitaka kutangaza kodi au faini hupiga debe. Basi na yeye akapiga.

"Sikilizeni! Mutu akihara, mumupe maji! Maji ya kuchemusha, chumvi kidogo, sukari kidogo, kijiko kijiko! Akitapika, mungoje, mumupe tena! Na nyinyi wazima, musinywe ya ziwa mbichi, muchemushe kila siku, munawe mikono! Wakubwa walijua! Walijua, wakatuambia vyoo tu!"

Milango ilifunguka. Penye bomba iliyofungwa Kayitare alimkuta, fimbo juu.

"Nani amekupa ruhusa ya kupiga debe? Debe ni ya serikali!"

"Hii ilikuwa ya mafuta ya mawese," Muhamadi akasema, akapiga tena.

Watu wakacheka. Kayitare alishusha fimbo. Alimfuata nyumba moja, nyumba mbili. Mbele ya nyumba ya tatu, iliyokuwa yake mwenyewe, alimshika kanzu, akasema chinichini:

"Umesema chumvi namna gani?"

Muhamadi akaacha kupiga. Ndani ya nyumba ya Kayitare mtoto alikuwa ananung'unika, kwa sauti kavu aliyoijua vizuri.

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi. Mi sikuambiwa kitu, Muhamadi. Wamenipa ufunguo tu."

Muhamadi angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyaweka moyoni tangu mwaka ule alipomzika mke wake. Alisema tu: "Kidogo sana, machozi iwe na chumvi kushinda hayo maji. Sukari ukiwa nayo. Kijiko kijiko." Kisha akauliza: "Na maji, Kayitare? Utachota wapi?"

Kayitare alitazama upande wa ziwa, akatazama bomba. Mkono ukaenda shingoni.

Kufuli lilianguka juu ya mwamba. Bomba ilikohoa, ikatema kutu, ikatoa maji meupe, na wanawake walikuwa wamekwisha kupanga madebe kabla hayajaanza kumiminika.

"Usinishukuru," Muhamadi alimwambia. "Kawaulize waliokupa ufunguo kwa nini hawakukuambia."

Alinusa moshi wa kuni: mafiga yalikuwa yanawashwa mtaa mzima. Kutoka nyumbani kwake sauti ndogo ikaita, yenye ukali wa mtu mwenye haki yake:

"Baba! Kikombe kiko kitupu!"