Hodi Isiyoitikiwa

Hodi ya kwanza ilimkuta Bi Mize ameshafunga swala ya alasiri, uso kibla, mgongo mlangoni. Ya pili ilimkuta kwenye rukuu. Ya tatu ilipanda ngazi za nyumba nzima mpaka ghorofa ya juu alikokaa, na hapana aliyesema karibu. Kisha akasikia makubadhi yakiondoka kichochoroni, polepole, kama ya mtu aliyechoshwa na siku.

Alipotoa salamu hakungoja hata tasbihi. Alishuka mbio, kanga begani. Kichochoro kitupu. Juu ya baraza palibaki duara jeupe, bado bichi, palipotuliwa ndoo ya chokaa.

"Alikuwa fundi," alisema.

Fundi huyo, Miraji, walikuwa wakimngoja tangu kabla ya Ramadhani. Nyumba ilikuwa ya marehemu mume wa Bi Thuwaiba. Baada ya Mapinduzi ikawa ya serikali, ikagawiwa chumba kwa chumba. Bi Thuwaiba akaachiwa chumba kimoja juu. Cha pembeni yake akapewa Bi Mize na mama yake, Bi Mwanapili, aliyepooza upande mmoja. Kunguru walikuwa wamejenga kwenye mfereji wa paa, maji yakakosa njia, yakaingia ukutani. Sasa boriti moja juu ya kitanda cha mgonjwa ilikuwa imeinama, na kila usiku Bi Mize alilala akiitazama na kumwomba Mungu aishike mpaka asubuhi. Hakuwa na chumba kingine duniani.

Aliingia uani. Jaku, hamali wa bandarini, alikuwa akila muhogo na mkewe Wanu.

"Wanu, hukusikia hodi?"

"Nlisikia, Bi Mize. Lakini hodi ya mlango mkubwa huitikiwa na mwenye nyumba. Mie nna chumba tu."

"Na wewe Jaku?"

"Mie nlijua mtu wa ofisini. Wa ofisini ukimwitikia, ndo wewe unayeulizwa."

Sauti ya Bi Thuwaiba ikashuka kutoka juu. "Na mimi nlizisikia zote tatu! Juzi nlimkaribisha mtu wa bomba, mkasema nnajifanya mwenyewe bado. Basi leo nkafunga mdomo."

Jaku akacheka. "Lakini bibi, ulimwambia 'karibu kwetu'!"

"Ulitaka nimwambie karibu kwa nani? Kwa serikali?"

Hata Wanu alicheka. Bi Mize hakucheka. Alipanda ngazi akishika ukuta, na chokaa ikambaki kiganjani.

Asubuhi alikwenda ofisi ya nyumba za serikali, akamkuta fundi Miraji nje anangoja lori pamoja na wenziwe.

"Bi Mize, mtu akipiga hodi tatu asiitikiwe, dini inamwambia arudi. Nkarudi. Ulitaka nivunje?"

"Nlikuwa naswali, fundi."

"Na nyumba nzima ilikuwa ikiswali?"

Fundi alimtazama kwa huruma. "Leo tunapelekwa Michenzani, na zamu yenu imeshapita. Sijui itarudi lini. Lakini kuzibua mfereji hakutaki fundi. Kunataka watu. Fanyeni kabla masika hayajakaza."

Masika hayakungoja. Adhuhuri mbingu ilifunguka. Maji yalishuka ukutani kama jasho, na boriti ikalia. Bi Mize alitoka akasimama kwenye ngazi, akapiga kelele ambayo hakujua anayo.

"Jamani! Nyumba ya serikali, ndiyo, lakini serikali hailali humu! Tunalala sisi!"

Jaku akatoka, amejifunga gunia kichwani. "Njia ya mfereji iko wapi?"

"Dirishani kwangu," alisema Bi Thuwaiba, akafungua mlango wake wote. "Shika kulia. Kushoto bati limeoza."

Jaku alitoka dirishani akawa anang'oa viota, waya na vijiti na mifupa ya samaki, akimkabidhi Wanu. Wanu akampa Bi Thuwaiba, naye akajaza karai, na Bi Mize akashuka nalo kumwaga. Kunguru waliwapigia kelele. "Na nyie mlipewa na ofisi?" Jaku aliwauliza. Bibi mzee yule, aliyekuwa na watumishi zamani, alilowa mpaka kifuani, akasema tu bismillahi kila alipopokea. Ghafla mfereji ulikoroma, na maji yakaruka kwenda chini kichochoroni kwa kishindo.

"Alhamdulillahi!" walisema wote pamoja.

Waliingia kwa Bi Mize kutazama. Maji ukutani yalikuwa yanapungua. Lakini boriti ilikuwa imepasuka katikati. Jaku alipanda kwenye kiti, akaisukuma kwa kidole, na vumbi la mawe likamwagika juu ya shuka la mgonjwa.

"Nyumba itasimama," alisema taratibu. "Chumba hiki, dada, usilale tena."

Bi Mwanapili aliyasikia. "Tungelifanya jana," alisema kwa ulimi wake mzito, wala hakumlaumu mtu.

Alfajiri haikuwa na mvua. Jaku alimbeba mgonjwa ngazi zote, akamlaza kwenye rukwama yake juu ya godoro, wampeleke Mpendae kwa kaka yake Bi Mize, ambako watakuwa tisa ndani ya vyumba viwili. Wanu alifunga vyungu. Bi Thuwaiba alishuka mpaka barazani, jambo asilolifanya siku nyingi, akamshika Bi Mize mikono yote miwili.

Rukwama ilianza kwenda. Bi Mize alitembea pembeni, akimfunika mama yake uso kwa upindo wa kanga, midomo ikienda kwa istighfari.

"Tumekubaliana kila Ijumaa tuzibue," Jaku alisema, akihema. "Zamu ya kwanza ya Wanu."

"Vizuri. Mwambieni na mpangaji mpya, atakayepewa chumba," alisema Bi Mize. "Na upande wa kule chooni mtazame. Pale ndipo majani yanapokaa."

"Tutatazama."

Aliendelea na istighfari yake. Njia ya Mpendae ilikuwa bado ndefu.