Maiti Asiyeomba Ruhusa

Misina alikuwa amekwisha kumwosha mume wake mguu mmoja wakati kengele ya asubuhi ilipolia mjini Bologna. Mwalimu Bencivenne, aliyekata roho alfajiri hiyo, aliketi, akajifuta maji, akavaa joho na kutoka kwenda kufundisha sheria.

"Na huu wa pili?" Misina alimwita kutoka dirishani. Marehemu hakugeuka. Ndivyo alivyokuwa hata katika uhai wake: kengele ikishalia, mke hasikiki.

Sababu ilijulikana kwa kila mtu aliyepita chini ya baraza za mji ule. Huko Bologna, wanafunzi ndio waliowaajiri walimu, na kila mwalimu aliapa kutokosa darasa bila ruhusa ya mkutano wao. Bencivenne alikuwa amekufa bila kuomba.

Jioni alirudi akajilaza jenezani, mikono kifuani. Misina akapanga mazishi ya kesho yake mapema, lakini kengele ikawatangulia. Baada ya kuitwa bure mara kadhaa, padri akasema aitwe tena maiti atakapotulia.

Basi Misina akaenda kwa Ludeke, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa chama cha wanafunzi. Alimkuta anakunywa supu ya maharage.

"Pole sana, mama," alisema Ludeke, kijiko mkononi. "Tumempoteza mtu."

"Nyinyi hamjampoteza, mnaye darasani. Mimi namtaka nimzike."

"Basi aje aombe ruhusa. Mwenyewe, mbele ya mkutano."

"Hasemi neno isipokuwa sheria za Warumi! Nitamwombea mimi."

"Mwanamke haingii mkutanoni. Sheria ni msumeno, mama, hukata mbele na nyuma."

"Huo wenu mbona unakata nyumbani kwangu tu?"

Ludeke akacheka, akamsifu kwamba angefaa kuwa wakili. Akaongeza kwa upole kwamba tangu afe, mwalimu hakohoi wala haruki vifungu vigumu. Wanafunzi walimpenda kuliko zamani.

Misina akaondoka akikumbuka ruhusa nyingine. Miaka ya nyuma, binti yao Bitina alipofariki kwa homa, Bencivenne aliomba asubuhi moja tu akamzike. Akanyimwa, eti kitabu cha sheria alichokuwa akifundisha kilikuwa kimebaki nyuma. Misina alimzika mtoto peke yake, na tangu siku ile alikuwa akimwambia mumewe, "Ipo siku utawaacha, wapende wasipende." Sasa hata kufa hakukusaidia kitu.

"Baba Bitina," alimsihi jioni hiyo, "waombe. Neno moja tu, hata kwa kunong'ona."

Marehemu akafumbua kinywa, akaeleza kwa utaratibu haki za mtu ambaye mfereji wake unapita katika shamba la jirani. Misina akamfunika shuka mpaka kichwani, naye akaendelea kueleza chini ya shuka.

Theluji ilipoyeyuka, kitabu kikafika mwisho. Misina akanunua mishumaa ya mazishi na kumwambia padri ajiandae. Wanafunzi wakakutana, wakamchagulia Bencivenne kitabu kingine, kinene zaidi, na kuwataka walimu walio hai wamwige. Mmoja wao, mwenye pumu, akaanza kufundisha huku amejiziba kinywa kwa kitambaa.

Kesho yake, mchimba kaburi alikuja asubuhi na mapema.

"Mama, lile shimo tulifukie? Vyura wamehamia."

Misina akafuatana naye hadi makaburini. Shimo lilikuwa ubavuni mwa kaburi la Bitina. Aliwafukuza vyura, akashuka, akajilaza na aproni yake na kunyoosha miguu. Ilikuwa mara ya kwanza kupumzika tangu afiwe.

"Liache," alisema kutoka chini. "Yeye lingembana. Mimi linanitosha, tena sina wa kumwomba ruhusa."

Kengele ikalia. Misina akanyoosha mkono avutwe, akapandisha sketi yake yenye matope na kukimbilia nyumbani. Marehemu alikuwa bado hajafungwa viatu, na akichelewa darasani, anayelipa faini ni mjane.