Dakika ya Arobaini na Mbili

Rra Moatlhodi, mkuu wetu, alitaka ufunguo wa chumba cha seva uwe mezani kwake kabla ya saa sita.

"Mma Sedie, simtuhumu mtu," alisema. "Ila wanaoingia mle ni Oteng na wewe. Na Oteng ndiye anayetengeneza."

Nimefagia chumba kile miaka tisa, tangu Mungu alipomchukua mume wangu. Ufunguo ukienda, kazi nayo imekwenda.

Tangu Jumatatu programu ya dawa ya hospitali ilikuwa ikizimika. Oteng, fundi, alishaona kasoro iko kwenye toleo jipya. Alilitoa, akarudisha la zamani, foleni ya wagonjwa ikasogea. Kisha kila mara jipya likarudi lenyewe, kana kwamba kuna mkono wa mtu.

Nilimkuta ameinamia kompyuta, magwinya yake, maandazi ya kwetu, yamepoa.

"Oteng mwanangu, mtu mbaya hufanya ubaya kwa kufuata saa?"

"Mma, leo niache."

"Mimi husali hapo mlangoni, saa ya ukutani iko mbele yangu. Jana simu ya malalamiko kutoka dirisha la dawa ililia saa nne na dakika kumi na mbili. Ikalia na arobaini na mbili. Saa tano vivyo hivyo. Leo pia. Mchawi gani huyo mwenye ratiba?"

Vidole vyake vikasimama.

"Mnyapara," alisema.

Ndivyo waitavyo programu inayozungukia seva zote kila nusu saa, na orodha yake. Ikikuta seva haifanani na orodha, huirekebisha ifanane. Oteng alikuwa akitengeneza seva kwa mkono. Kwenye orodha palibaki pameandikwa: weka toleo jipya kila litokapo.

"Nani aliyeandika hivyo?"

Akajikuna kichwa. "Mimi, Mma."

Akafuta, akaandika namba ya toleo la zamani. Saa tano na dakika arobaini Rra Moatlhodi akaingia, mkono mbele.

"Ufunguo."

"Tusubiri dakika mbili, Rra," nikasema. Nilikuwa nimeufumbata mpaka meno yake yakaniuma kiganjani.

Arobaini na mbili ikafika. Nikasema Baba Yetu kimoyomoyo, nikairudia. Arobaini na tano. Simu kimya.

"Kosa lilikuwa langu, Rra," Oteng akasema, bila kuulizwa.

Mkuu aliutazama mkono wake mtupu, akautia mfukoni.

"Humu mna vumbi, Mma," alisema, akatoka.

Nikaenda kuchukua ufagio.