Jina Lililo Kwenye Cheti

Daktari wa meno Loren Haugen alikuwa ameshaandaa sindano ya dawa ya usingizi. Kitini alilala Mzee Orville, mwenye moyo mbovu na koo linaloziba akisinzia, akisoma kwa sauti cheti kilichotundikwa ukutani.

"'Amefuzu kuwapa dawa ya usingizi wagonjwa walio hatarini.' Hao si ndio sisi!" alicheka. "Sasa daktari, pumzi ikinikatika hapa, utafanyaje?"

Swali lenyewe jepesi, lilikuwemo kwenye mtihani. Lakini mafunzo yale ya lazima yalikuwa ya kwenye kompyuta, na Haugen aliyafanya Jumapili ya fainali ya mpira: yeye akitafuna mabawa ya kuku mbele ya televisheni, Darlene, msaidizi wake, akisoma na kumjibia maswali. Bodi ya jimbo inayosimamia madaktari wa meno ikaleta cheti, naye akakitia fremu bila haya.

Haugen akafungua kinywa. Kabla hajajizuia, macho yakamkimbilia Darlene, aliyesimama kando ya kiti.

"Tunakuita jina, tunakuinua kidevu, tunakusukumia hewa kwa mfuko wa kupumulia," Darlene akasema harakaharaka, akiangalia sakafu.

Haugen akahisi masikio yanamwaka. Akairudisha sindano kwenye sinia.

Mzee Orville alikuwa ameuza ng'ombe mnadani miaka arobaini, akajua kusoma nyuso za watu. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Darlene, mwanangu," akauliza kwa upole, "mbona basi wamekosea jina kwenye cheti chako?"