Hatulali Jua Likiwaka

Kwenye nyumba ya wazee walimwita Refa, naye hakulikataa jina. Enzi zake alichezesha mpira wa miguu, mwanamke peke yake katikati ya wanaume, akazomewa viwanja vyote, kisha akarudi nyumbani akala, akalala usingizi wake. Siku hizi nyonga ilikuwa imevunjika na alitembelea kiti cha magurudumu. Ulimi haukuvunjika.

Matata yalianza wahudumu wa jioni walipopunguzwa, akabaki mmoja kwa jengo zima. Msimamizi akatoa amri: wazee wote wavalishwe nepi na walazwe kabla wahudumu wa mchana hawajaondoka. Basi mapazia yakawa yanafungwa jua bado kali, na nje unasikia watoto wa shule wanarudi makwao wakifukuzana.

Mwanzoni Refa alidhani ni dharura, akavumilia. Wiki ilipokatika akaona dharura imegeuka desturi. Mhudumu wa mchana alipomjia na nepi mkononi, aliipokea, akaitupa juu ya kabati.

"Bibi, nionee huruma," mhudumu akasema. "Jioni hakuna wa kukupeleka chooni."

"Mjukuu wangu, wewe sina ugomvi nawe. Ila mimi sijashindwa kwenda chooni. Wao ndio wameshindwa kunipeleka. Sasa nepi avae nani?"

Mhudumu alicheka, kisha akaziba mdomo, maana msimamizi alikuwa mlangoni.

Refa akampita msimamizi pale mlangoni, akajiendesha hadi ukumbini, akafunga breki. "Kitandani siendi mpaka giza liingie," akatangaza. "Mgonjwa ndiye hulala mchana. Mimi siumwi."

Jirani yake, mzee aliyeendesha malori ujana wake wote, akaja akijikongoja na magongo. "Hata kuku saa hizi bado wanadonoa," akanung'unika, akaketi. Akafuata mama mmoja ambaye hata jina lake alikuwa amelisahau, lakini alijua hataki kulala.

Msimamizi hakugombana nao. Alipiga simu, na kijana wa Refa akafika na nguo za kazini, jasho likimtiririka.

"Mama, jamani! Wanasema ukiendelea watakurudisha. Na pale nyumbani mchana kutwa hakuna mtu, unajua."

"Najua. Nilikuja hapa kwa hiari yangu nisiwe mzigo kwenu. Lakini sikuja kuwa mzigo wa kufunikwa turubai. Nenda kachungulie vyumbani. Ukirudi ukaniambia nilale, nitalala."

Akaenda. Alikuta vyuma vya pembeni mwa vitanda vimepandishwa, na watu wako macho wanatazama dari, mwanga ukipenya kwenye kingo za pazia. Mzee mmoja alimshika mkono akamuuliza kama kumekucha.

Aliporudi ukumbini hakumtazama mama yake. Alimgeukia msimamizi. "Ningewalaza wanangu saa hizi, majirani wangeniita mwendawazimu. Mama halali. Na nyumbani harudi."

"Mimi natumwa tu," msimamizi akajitetea. "Wenye nyumba wamesema fedha za kulipa watu hazitoshi."

"Basi waite wenye nyumba," Refa akadakia. "Sisi hatuna safari."

Kijana akawatafuta ndugu wa wazee wengine. Kuanzia kesho yake walikuwa wakitoka kazini moja kwa moja hadi ukumbini, na mwenye kukosa kiti alikaa sakafuni. Haukupita muda, wenye nyumba wakamtuma bwana mmoja mwenye maneno matamu. Akaeleza hali ngumu, akaomba subira.

"Baba," Refa akamkatiza, "mimi nimetukanwa na uwanja mzima nikapuliza penalti vilevile. Asali yako haitanisogeza. Unarudisha watu, au hurudishi?"

Yule bwana akajikuna kichwa. Mwishowe wahudumu wawili wa jioni walirudishwa, ingawa watatu ndio walioondolewa. Nepi ikabaki kwa anayeihitaji, na kulala kukawa baada ya chakula cha usiku. Msimamizi aliacha kumsalimu Refa. Refa alimsalimu yeye kila asubuhi, kwa sauti.

Jioni ya kwanza ya wahudumu wale, wazee waliomba kutolewa barazani. Dereva akasimulia uongo wake wa safarini, yule mama aliyesahau jina akacheka kuliko wote, na hakuna aliyekubali kuingia ndani mpaka mbu walipowazidi nguvu.